Ngazija, mahali ambapo kila mume ni mgeni

Safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Ngazija ni fupi kuliko safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga. Umbali ni takriban kilomita 700 juu ya bahari, na muda wake ni zaidi kidogo ya saa moja. Mlima Karthala ndio unaotangulia kuonekana, umevaa wingu kama kilemba. Kisha ardhi nyeusi hujitokeza: mawe ya volkano yaliyotiririka zama hizo kutoka mlimani hadi baharini, na juu yake minazi na migomba. Hapo ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Hahaya. Nilishuka hapo mwaka 2011, si kama mtembezi bali kama mhamiaji, nikiwa na mke wangu, binti yetu wa mwaka mmoja, sanduku la nguo, na sanduku jingine zito zaidi lililojaa randa, patasi na misumeno. Mimi ni seremala.

Ndugu zangu wa Tanga walinisindikiza kwa maneno mawili. La kwanza lilikuwa dua. La pili alilisema kaka yangu mkubwa, kwa mzaha uliokuwa na ncha: "Haya bwana. Sisi wenzako tumeoa, wewe umeolewa."

Ndugu msomaji, neno lile lilinikaa moyoni kwa miaka. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na anayeolewa ndiye anayefunga mizigo. Mwanamume anayefunga mizigo kumfuata mkewe hatuna hata neno la kumwita bila kumcheka. Naandika makala haya kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na kwa ajili ya mwanamke pia, kwani mzigo wa ugeni ni mmoja ingawa mabega ni mawili.

Tulikutana Dar es Salaam alipokuwa masomoni, kama wanavyokuja vijana wengi wa Komoro. Tulifunga ndoa mwaka 2008 na makubaliano yetu yalikuwa kuishi Tanzania. Mwaka 2010 mama yake alipatwa na kiharusi. Mke wangu ndiye binti wa kwanza, na kwa mila ya kwao binti wa kwanza ndiye mwenye kushika nyumba na kumshika mama. Hakuniomba tuhame. Aliniomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mzazi wake. Nilijua kuwa ruhusa ya namna hiyo haina tarehe ya mwisho, na kwamba nikimruhusu peke yake nitakuwa nimeivunja nyumba yangu kwa upole.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa madrasa, mzee aliyenifundisha alifu na bee, nikamweleza hofu yangu: mume ni msimamizi wa familia, sasa msimamizi gani analala katika nyumba ya mkewe, katika nchi ya mkewe? Hakunijibu kwa hukumu. Aliniuliza kama nakumbuka kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul-Qasas. Alifika Madyan mkimbizi, hana kitu. Akawanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakingoja kisimani, akaoa mmoja wao, na mahari yake ikawa utumishi wa miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Alikuwa Nabii, na alikaa ukweni katika nchi ya ukweni, akichunga mifugo ya mkwewe. Mzee akaongeza kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alipomuoa Bibi Khadija aliishi naye katika nyumba ya Bibi Khadija pale Makka. "Usimamizi," alisema, "ni kubeba gharama na kubeba lawama. Haukuandikwa juu ya kuta."

Basi nikafunga mizigo.

Tulikwenda kukaa Itsandra, mji wa mke wangu, kaskazini kidogo ya Moroni, wenye ufukwe wa mchanga mweupe katikati ya pwani ya mawe meusi. Mgeni kutoka Uswahilini akifika huko hujiona kama aliyeingia nyumba ya ndugu yake iliyopangwa upya. Mtaa wa Badjanani huko Moroni una vichochoro vinavyokumbusha Mji Mkongwe wa Unguja. Msikiti wa Ijumaa wa zamani, mweupe, wenye matao, unatazama bandari ya majahazi, na historia yake inahesabiwa tangu mwaka 1427. Watu ni Waislamu, madhehebu yao ni ya Imamu Shafi kama yetu. Kisamvu chao cha nazi wanakiita mataba. Hata lugha yao ni jirani ya lugha yetu.

Lakini ujirani wa lugha una mitego yake. Mama yangu alipokuja kututembelea mwaka 2016, alifika na zawadi za kanga na visheti. Kila mtoto wa mtaani aliyepewa kisheti alimjibu, "Marahaba!" Mama aliduwaa. Jioni akaniita pembeni: "Mwanangu, huku watoto wadogo ndio wanaoitikia shikamoo za wazee, tena shikamoo yenyewe sijawapa?" Ilibidi nimweleze kuwa kwa Wangazija marahaba ni asante. Alicheka hadi akatoa machozi, na kwa siku zote alizokaa alikuwa akiwagawia watoto chochote alichonacho ili tu aitikiwe marahaba.

Jambo lililonipa kazi kubwa zaidi kulielewa ni nyumba. Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Baba, wajomba na kaka humjengea binti, na siku ya harusi kubwa mume husindikizwa kwa shangwe kuingia nyumbani kwa mkewe. Wakiachana, mume ndiye anayetoka. Kuna pia ardhi iitwayo manyahuli, ambayo hurithiwa kwa upande wa wanawake bila kugawanywa. Ndugu wa kiume hula matunda yake kwa ihsani ya dada zao, lakini si yao ya kuuza. Mila hii ni ya kale sana, na imekaa bega kwa bega na sheria ya Kiislamu kwa karne nyingi, mara nyingine kwa maelewano, mara nyingine kwa mabishano ya wanazuoni.

Nilipoyafahamu hayo, nilifarijika kwanza. Niliwatazama wanaume wakitoka alfajiri kwenda msikitini nikasema: kumbe wote hawa wamelala ugenini! Hakuna mume mwenye nyumba katika mji huu. Kaka yangu angekuja huku angenicheka vipi?

Faraja hiyo haikudumu. Mume wa Kingazija akikwaruzana na mkewe, hutembea hatua mia mbili akaenda kwa dada yake au kwa mama yake, akala, akalala kidogo, hasira zikashuka, akarudi. Mimi dada yangu yuko Tanga. Siku za mwanzo tulipogombana, nilikuwa nikitembea ufukweni hadi giza linaingia, kisha narudi nyumba ile ile kwa sababu sina nyingine. Mke wangu aligundua. Usiku mmoja aliniambia, "Mwenzangu, ukikasirika usiende baharini. Nenda karakana kwako, mimi sitakufuata huko mpaka utoke mwenyewe." Tangu siku hiyo kibanda changu cha useremala, chenye bati nne na meza moja, kikawa ndiyo nyumba ya dada yangu.

Kisha kulikuwa na makaratasi. Mgeni aliyeoa huko ni mgeni bado, na kibali cha ukaazi hukipata kwa kupanga foleni na kujaza fomu. Fomu zile ziko kwa Kifaransa, lugha ambayo sikuisoma. Binti yangu alipofika miaka saba nilianza kumchukua anisomee. Alisimama mbele ya dirisha la ofisi, kidevu kikiwa hakijafika mezani, akinitafsiria maswali: jina la baba yako, mwaka wa kuzaliwa, kazi yako. Mimi niliyekuwa nikijiona mlezi wake nilijifunza pale kuwa kuhamia nchi ya mwenzako ni kukubali kuwa mtoto tena, na kwamba hilo si aibu ikiwa mtoto wako hajakuona ukimfokea kwa sababu yake.

Riziki, alhamdulillah, haikuchelewa. Harusi kubwa, ambayo wenyewe huiita ada, inataka nyumba ya bibi harusi iwe na samani, na samani zinamtaka seremala. Lakini ada hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kunigusa mwenyewe. Mwanamume wa Ngazija hahesabiwi kuwa mtu mzima, mdrumdzima kama wasemavyo, mpaka atimize ada: dhahabu kwa mke, ng'ombe kwa mji, karamu juu ya karamu. Wengi hudunduliza kwa miaka mingi, na wengine hufanya kazi Ufaransa nusu ya umri wao kwa ajili hiyo. Aliyetimiza huwa na nafasi yake ya heshima, na husikilizwa anaposema katika bangwe, yaani uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe ambako wanaume huamua mambo yao. Asiyetimiza, hata awe na mvi, hukaa na vijana.

Wanazuoni wa huko wako waliokemea israfu ya ada, na wako walioitetea kuwa ndiyo kamba inayowafunga watu wa mji pamoja. Mimi si mwanachuoni. Najua tu kuwa mjomba wa mke wangu alinikalisha siku moja akanieleza, kwa adabu kamili, kuwa mke wangu ni binti wa kwanza na ukoo unamtarajia. Nilikuwa na kiwanja kimoja Dar es Salaam, ndiyo mali yangu yote. Nilimwambia, "Mjomba, nikikiuza kwa karamu, sitakuwa na cha kuwasomeshea wanangu." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hujajibu vibaya. Lakini usitarajie kusikilizwa bangweni." Nikasema nimekubali. Ulikuwa mwaka mzito. Mke wangu hakulalamika hata mara moja, na kutolalamika kwake kuliniumiza kuliko malalamiko.

Usiku wa tarehe 24 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu mno na kisiwa. Mama mkwe, ambaye upande mmoja wa mwili ulikuwa hauna nguvu, alikuwa kitandani akisoma Yasin bila kukoma. Mimi nilikuwa nimeuegemeza mlango kwa bega, na mke wangu amewakumbatia watoto chini ya meza niliyoitengeneza mwenyewe. Karibu nusu ya paa iliondoka. Asubuhi migomba ilikuwa imelala chini kama majani yaliyopitiwa na gari, minazi imekatika vichwa, na mabati yametapakaa hadi ufukweni. Kwa wiki kadhaa nilikuwa juu ya mapaa ya watu tangu alfajiri hadi magharibi. Mabati mapya yalikuwa haba, kwa hiyo tuliyanyoosha ya zamani kwa nyundo. Sikumtoza mjane wala yatima, na wengine nao walinilipa walichokuwa nacho.

Kisha ikaja zamu ya paa letu. Mke wangu alitaka tujenge kwa zege, lisiloondoka. Fedha ilikuwa ni kile kiwanja. Nilimpigia kaka yangu simu ili anisaidie kukiuza, naye safari hii hakutania: "Unajenga juu ya ardhi isiyokuwa yako, katika nyumba isiyokuwa yako, katika nchi isiyokuwa yako. Ukifa, wanao watarithi nini kwako?"

Lilikuwa swali la haki. Nililipeleka kwa sheikh mmoja wa hapo mjini. Naye alinipa jawabu ambalo ningependa kila mume na kila mke anayehamia ukweni alisikie kabla ya kutoa senti yake ya kwanza. Alisema: usichanganye kipawa na akiba. Unachokitia katika nyumba ya mkeo, kitie kwa nia ya hiba, ukikabidhi, mbele ya mashahidi, kisha usikihesabu tena, si kwa ulimi wala kwa moyo; ukikitaja wakati wa ugomvi umekiharibu. Na unachotaka wakurithi watoto wako na mama yako kwa mafungu aliyoyaweka Mwenyezi Mungu, kiweke kando kwa jina lako, kijulikane. Dhuluma nyingi za ukweni, alisema, hazitokani na ubaya wa watu. Zinatokana na mali ambayo kila mmoja anaijua kwa jina lake.

Tulifanya hivyo. Sehemu ya fedha ya kiwanja ikawa paa, tukaandika, mashahidi wakaweka saini. Sehemu iliyobaki ikanunua mashine ya kupasulia mbao na akiba ya watoto, na hiyo ni yangu. Mke wangu aliposoma karatasi ile alilia. Hakulia kwa sababu ya paa. Alisema ni mara ya kwanza tangu tuhame kuona kuwa sikuwa ninamkopesha maisha yangu.

Sitaficha gharama ya uamuzi huu, kwa sababu makala yanayotaja utamu wa kuhama peke yake ni udanganyifu. Mwaka 2022, kabla ya adhana ya alfajiri, simu ililia. Mama yangu alikuwa amefariki Tanga. Wangemzika alasiri, kama inavyotakiwa, na hiyo ndiyo haki ya maiti. Siku ile hapakuwa na ndege. Nilikaa karakana, mlango umefungwa, mkononi nina randa ambayo sikuitumia. Kilomita 700 ambazo nimekuwa nikizisifu kuwa chache hazikuvukika.

Mke wangu alituma habari msikitini. Baada ya swala ya adhuhuri imamu alisimama akatangaza kuwa mama wa fundi amefariki nchini kwao, na maamuma wakasimama kumswalia swala ya maiti aliye mbali, kama inavyofaa katika madhehebu yetu. Walikuwa watu ambao wengi wao hawakumjua mama yangu ila kwa visheti. Alasiri, saa ile ile ambayo Tanga walikuwa wakimshusha kaburini, wanaume wa bangwe walikuja mmoja mmoja hadi barazani kwetu na misahafu yao. Walisoma siku tatu. Siku ya mwisho mjomba wa mke wangu, yule aliyeniambia nisitarajie kusikilizwa, alifunga msahafu akasema, "Tueleze habari za mama yako." Nikaeleza: jinsi alivyotulea kwa kuuza vitumbua, jinsi alivyosema marahaba hadi siku anaondoka. Wakanisikiliza mpaka nikamaliza. Sikuwa mdrumdzima siku ile, na hata leo si mdrumdzima. Bangweni bado nakaa na vijana. Lakini sijawahi tena kuona neno "umeolewa" likinichoma.

Itsandra ina kumbukumbu ambayo hunijia mara kwa mara. Katika mji huu alizaliwa, mwaka 1861, Sheikh Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa kadhi Zanzibar, na huko Zanzibar ndiko alikofariki mwaka 1925. Mwanawe, Sheikh Umar, naye alizaliwa Ngazija, naye akawa kadhi Zanzibar. Lakini yeye baadaye alirejea Ngazija, akafariki huko mwaka 1976. Baba alibaki ng'ambo, mwana akarejea. Hakuna anayesema mmoja wao alikosea. Na aliye bora kuliko wote, Mtume (s.a.w.), alipoifungua Makka, mji aliozaliwa na alioupenda, Answari waliingiwa na hofu kuwa sasa ataubakia. Akawahakikishia kuwa uhai wake na mauti yake ni pamoja nao, akarudi Madina, na kaburi lake liko Madina.

Kwa hiyo wanaonipigia simu kutoka Tanzania kuniuliza kama wamfuate mke au mume ng'ambo, siwaambii nenda wala usiende. Nawaambia wakae wote wawili kabla ya safari, wazungumze mambo matatu bila haya. La kwanza ni wazazi: nani atamwangalia yule atakayeachwa nyuma, na nauli ya dharura itakaa wapi, isiguswe kwa jambo jingine. Hilo mimi sikulifanya, na siku ya msiba niliona hasara yake, kwani hata ndege ya kesho yake sikuwa na fedha ya kuikata. La pili ni mali: ipi ni hiba na ipi ni akiba, kwa maandishi na mashahidi. La tatu ni mahali pa mtu kuwa peke yake anapokasirika, kwa sababu mwenyeji ana kwa dada yake na mgeni hana.

Kuhusu kaburi, nimeandika wasia. Nikifia Ngazija, nizikwe Ngazija siku ile ile, wala nisisafirishwe. Nikifia Tanga, nizikwe karibu na mama yangu. Mke wangu ameusoma, na binti yangu, ambaye sasa hunisomea Kifaransa bila kuhitaji kuinua kidevu, ameuweka kwenye mfuko wa misahafu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu walio karibu na tulioachana nao mbali, na azitie baraka nyumba zetu, ziwe kwa jina la nani. Wabillahi tawfiq.